Mizani nane, mapigo manne: shajara ya mradi wa kugeuza tungo za kale kuwa muziki

Lengo la mradi ni kurekodi vipande vitatu, kila kimoja kikianzia kwenye maandishi ya zamani na kuishia kwenye aina tofauti ya muziki. Cha kwanza ni beti za Utenzi wa Mwana Kupona kwa udi, fidla na dumbaki. Cha pili ni tarbia, shairi la mishororo minne kwa ubeti, inayopigwa kwa saksafoni bila neno hata moja. Cha tatu ni hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Kaisari, kutoka tamthilia ya Shakespeare, kwa biti ya hip hop. Shajara hii inaandika yaliyofanyika, yaliyoharibika na yaliyorekebishwa, kwa ajili ya yeyote anayetaka kujaribu kazi kama hii kwa tungo nyingine.

Wiki ya 1: Maandishi na haki

Kabla ya kugusa ala, tulihakikisha nani ana haki ya nini. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake, wasia kwa bintiye, mwaka 1858, kwa hiyo maneno yenyewe ni mali ya wote. Lakini tungo hizo za pwani ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na wahariri waliozihamishia kwenye hati za Kirumi hawakuandika sawasawa. Pengine kitabu kimoja kina irabu mbili pale kingine kilipoweka moja, na irabu hiyo moja inatosha kuvuruga mizani, yaani hesabu ya silabi. Chagua toleo moja, liandike kwenye faili la mradi, usichanganye.

Shakespeare alifariki 1616, hana anayemdai. Tafsiri yake ni jambo jingine. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Kaisari mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Yeye alifariki 1999, na sheria ya hakimiliki ya Tanzania hulinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Hali ni hiyo hiyo kwa mfasiri yeyote wa karibuni. Kwa sababu hiyo mistari ya kipande cha tatu tuliifasiri upya moja kwa moja kutoka Kiingereza, na tafsiri ya Mwalimu ikabaki mezani kwa kusomwa tu. Ukitaka maneno yake yenyewe, omba ruhusa kabla ya kuingia studio. Mazungumzo huwa magumu zaidi wimbo ukishatoka.

Wiki ya 2: Kusikiliza

Wiki nzima ilikuwa ya kusikiliza kwa swali moja: mtunzi huyu alichukua nini hasa kutoka kwenye maandishi?

Verdi katika Otello, opera iliyooneshwa kwanza Milano mwaka 1887, alichukua kisa. Mwandishi wa maneno yake, Arrigo Boito, alilitupa tendo zima la kwanza la Shakespeare, lile la Venisi, akaanzia kwenye dhoruba ya Saiprasi. Alikuwa na sababu ya kiufundi: neno linaloimbwa hula muda mrefu kuliko linalosemwa, na asiyepunguza maneno atamchosha msikilizaji kabla ya kisa kukolea. Mambo hayakuwa tofauti sana Kairo. Al-Atlal, wimbo wa Umm Kulthum wa Misri uliotolewa 1966, umeunganisha beti kutoka mashairi mawili ya Ibrahim Nagi. Hata Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika tatu, basi shairi lilipaswa kuenea humo. Kukata beti ni sehemu ya ufundi tangu zamani, wala si dharau kwa mshairi.

Schubert alichukua mwendo wa mwili. Mwaka 1814, akiwa na miaka 17, alitia muziki maneno ya Gretchen kutoka tamthilia ya Faust ya Goethe. Msichana anasokota uzi huku akimwaza mpenzi wake. Mkono wa kulia wa piano unazunguka kama gurudumu bila kupumzika, mpaka msichana anapotaja busu. Hapo gurudumu linasimama. Kisha linaanza tena kwa kusuasua, mara moja, mara mbili, ndipo linashika mwendo. Maneno hayasemi popote kwamba gurudumu limesimama. Piano ndiyo inayosema.

Kilichobadilisha mpango wetu ni Duke Ellington, mtunzi wa jazi wa Marekani. Mwaka 1957 yeye na Billy Strayhorn walitoa jijini New York Such Sweet Thunder, mfululizo wa vipande vya jazi kuhusu wahusika wa Shakespeare. Vinne kati ya hivyo vinaitwa soneti. Soneti ya Kiingereza ina mistari 14, na mstari mmoja huwa na silabi 10. Ellington akatunga lahani zenye vifungu 14 vya noti 10 kila kimoja, hakuna anayeimba, na bado ni soneti. Alichokichukua ni hesabu. Mwaka huo huo, katika jiji hilo hilo la New York, Bernstein na wenzake walipandisha jukwaani West Side Story, mchezo wa muziki uliochukua mifupa ya kisa cha Romeo na Juliet ukaivika nyama ya mtaa. Mshairi mmoja, mji mmoja, mwaka mmoja, na vitu viwili visivyofanana kabisa vimechukuliwa kwake.

Sisi wa mizani na vina tuna kila sababu ya kufuata njia ya Ellington. Arudhi yetu, yaani kanuni za utunzi wa mashairi, ni hesabu iliyo tayari kupigwa.

Wiki ya 3 na ya 4: Mwana Kupona

Utenzi una vipande vinne kwa ubeti na mizani nane kwa kipande. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne kina kina kinachorudi kila ubeti hadi mwisho. Ubeti tuliopimia ni huu:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Ni Kiswahili cha kaskazini: sogea karibu binti yangu, mwenye maarifa machache, sikiliza wasia, huenda ukauzingatia.

Jaribio la kwanza lilikuwa rahisi mno. Mizani nane, mapigo manne, kila mizani nusu ya pigo, basi kipande kimoja kinajaza kipimo kimoja cha mapigo manne. Mizani ya 1 ikawekwa kwenye pigo la kwanza. Ilisikika kama watoto wanaohesabu. Kosa ni hili: mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, yaani mizani ya 7. Kwa mpangilio ule mizani ya 7 iko kwenye pigo la nne, pigo dhaifu, na mwimbaji akitaka kurefusha kina anavuka mpaka na kukikanyaga kwenye pigo la kwanza la kipimo kinachofuata. Matokeo yake ni "sanaTI, wasiaTI". Hakuna mwenye lugha anayesema hivyo.

Marekebisho: anza kipande kwenye pigo la pili. Mizani ya 1 iko kwenye pigo la pili, ya 3 kwenye la tatu, ya 5 kwenye la nne, na ya 7 inatua kwenye pigo la kwanza, lile zito, kina kikifuata chepesi nyuma yake. "Sa-NA-ti" ikarudi mahali pake. Fanya hivi kabla ya kutunga lahani. Piga makofi, ghani maneno, tafuta pigo zito liko wapi.

Kipande cha kwanza bado kilisumbua, na sababu yake ni neno "binti". Katika mizani ni silabi tatu, bi-n-ti, ndiyo maana kipande kinafika nane. Kwa hiyo mizani ya 7, iliyo kwenye pigo zito, ni n tupu, na mkazo wa neno uko nyuma yake, kwenye bi. Mwimbaji akiipa n noti kamili, sauti inazibwa puani kwenye pigo kubwa kuliko yote. Akiimeza, anabaki na mizani saba na dumbaki linamwacha. Njia iliyofaa ni kuivuta "bi" kupita mizani ya 6 na ya 7, kisha kuifunga kwa n mwishoni kabisa mwa noti, ndipo "ti". Hesabu haipotei na neno linasikika. Beti inayofuata, ile ya maradhi yaliyomshika mama hata yakatimiza mwaka, ina "yamenshika", nayo ina n inayohesabiwa. Hiyo haikuleta taabu kwa sababu iko kwenye mizani ya 6, na mkazo unatua salama kwenye "shi".

Kuhusu "asa": ukikuta toleo lililoandika "asaa", hesabu inakuwa tisa. Imba nane. A mbili zinaungana mdomoni bila kulazimishwa.

Pumzi. Kwa mwendo wa mapigo 84 kwa dakika ubeti mzima unachukua sekunde 11 na kitu bila nafasi yoyote katikati. Kila mwimbaji aliiba pumzi baada ya kipande cha pili, na aliyeumia ni "u" ya "upulike", ikamezwa. Tuliongeza kipimo kizima cha udi baada ya kipande cha pili na kingine baada ya cha nne. Ubeti sasa una vipimo 6, mapigo 24, sekunde 17. Usiongeze mapigo mawili peke yake, maana kipande cha tatu kitaanzia pigo la nne na tatizo la mkazo linarudi lilivyokuwa.

Kwa hesabu hiyo utenzi wote, wenye beti zipatazo mia moja, ungechukua karibu nusu saa. Tumechagua 14, dakika nne kamili. Ugumu wa kuchagua ni kwamba beti zinazotajwa sana ni zile za mke na mume, na ukichukua hizo peke yake umeigeuza kazi kuwa kitu kingine. Tuliacha mlango wa utenzi kama ulivyo: maradhi, kisha mama anamwita bintiye aje na wino na karatasi kwa kuwa moyoni ana neno la kumwambia. Hapo ndipo udi unapoingia kwa mara ya kwanza. Kabla ya karatasi kuitwa, ni sauti tupu.

Lahani inafuata vina. Vipande vitatu vya kina kimoja vinapanda hatua kwa hatua, cha nne kinashuka na kutua kwenye noti ile ile kila ubeti, kwa sababu kituo cha utenzi huu kinaishia na "a" mwanzo hadi mwisho. Irabu iliyo wazi, noti moja, mara 14. Kufikia ubeti wa tano sikio limeshaijua njia ya kurudi nyumbani.

Wiki ya 5: Kinanda dhidi ya udi

Lahani ilitungwa kwa makamu ya bayati, mojawapo ya mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, ikianzia re. Noti yake ya pili ni mi iliyoshushwa robo toni, katikati ya mi na mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusu toni. Udi na fidla hazina vizuizi shingoni, zinaifikia bila shida. Kinanda cha kawaida hakiifikii. Kikipiga mi bemoli huku udi uko robo toni juu yake, inasikika kama mmoja wao hajatuni ala yake.

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuhamia makamu ya hijazi au nahawandi, ambazo kinanda kinazimudu. Ya pili ni kinanda chenye uwezo wa kushusha noti moja moja. Ya tatu, tuliyoichukua, ni kukikataza kinanda kuigusa mi kabisa: kinashikilia re na la chini, basi. Hijazi tuliijaribu na ilikuwa nzuri, ila iliutia utenzi simanzi nzito kupita kiasi, na huyu ni mama anayeusia akili yake ikiwa timamu.

Wiki ya 6 na ya 7: Tarbia isiyo na maneno

Hapa ndipo mfano wa Ellington unapohamia kwetu. Tarbia ina mishororo minne, kila mmoja mizani 16, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili), kina cha kati na kina cha mwisho. Jumla ni mizani 64, kwa hiyo lahani ni ya noti 64. Ubeti wa kupimia ulitungwa makusudi kwa zoezi hili:

Bahari ikichafuka, nahodha hushika tanga,
Upepo ukigeuka, hutazama mbele mwanga,
Wimbi likishaanguka, huacha pwani mchanga,
Chombo kikisalimika, huimba hata wachanga.

Kanuni tulizompa mpiga saksafoni ni chache. Kila mizani noti moja. Kila ukwapi uishie la, kila utao uishie re. Urefu wa noti ni hiari yake. Mshororo mmoja uenee vipimo vinne, kwa mwendo wa mapigo 66, yaani ubeti wote vipimo 16, kama sekunde 58.

Mara ya kwanza noti zote zilikuwa sawa kwa urefu, na kilichosikika kilikuwa zoezi la vidole. Dawa yake ni kurekodi mtu akighani ubeti huo kwa sauti ya kawaida, kisha saksafoni ifuate pale msemaji anapovuta na pale anapokimbia. "Nahodha" inavutwa kwenye "ho", "hutazama" inakimbia hadi "za". Katika "mchanga", m ina noti yake lakini fupi, mkazo uko kwenye "cha".

Mara ya pili mpigaji akatia mapambo. Mazuri yenyewe, lakini ukwapi ukawa na noti kumi au kumi na moja, na umbo lote likayeyuka. Asiyehesabu anahisi kwamba kuna kitu kimelegea, ingawa hawezi kukitaja. Tulikubaliana mapambo yaruhusiwe kwenye noti ya kina tu, baada ya hesabu kutimia.

Tatizo kubwa lilikuja mwisho. Kina cha mwisho kikiwa re mara nne, muziki unaisha mara nne. Kwenye shairi linalosomwa hilo halitokei, kwa sababu maana inasukuma mbele ingawa sauti inarudi. Bila maneno, lazima kitu kingine kisukume. Piano ilibadilisha kilicho chini ya re, yaani kundi la noti zinazopigwa pamoja, kila ilipofika. Mshororo wa kwanza: so mdogo, ambamo re ni noti ya tano. Wa pili: si bemoli mkubwa, ambamo re ni ya tatu. Wa tatu: la, re na mi zikipigwa pamoja, msuguano usiotulia. Wa nne tu ndio unaopata re mdogo. Kina ni kile kile, sakafu yake inahama, na kituo kinakuwa kituo kweli. Kati ya yote yaliyofanyika katika mradi, hili ndilo tunalolipendekeza kwa moyo wote kwa watunzi wa mashairi wasiocheza ala. Kaeni na mpiga piano saa moja mlisikie.

Wiki ya 8: Antony

Hotuba iko tendo la tatu, onyesho la pili. Haina vina, na mstari wake wa Kiingereza hufungwa kwa silabi yenye mkazo. Kiswahili hakiwezi kufunga hivyo, mkazo wetu uko nyuma kidogo, kwa hiyo tuliacha kuuiga mstari na kushika kiungo kingine: maneno ambayo Antony anayarudia tena na tena, kwamba Bruto, mmoja wa waliomuua Kaisari, ni mtu wa heshima. Hicho tayari ni kiitikio.

"Na Bruto ni mtu wa heshima" ina mizani kumi. Kwa mwendo wa mapigo 88, kila mizani robo ya pigo, ianzie pigo la pili. "Mtu" inaangukia pigo la tatu na "shi" la nne. Angalia m ya "mtu": tofauti na ile ya "mchanga", hii ndiyo yenye mkazo, kwa hiyo inastahili pigo. Mchanaji aliyezoea kuiruka aliambiwa aikanyage. Jina tulilimalizia kwa irabu, kwa kuwa "Brutus" yenye s mwishoni humsukuma mtu kuongeza i bila kujua, na mizani inakuwa kumi na moja.

Kiitikio kinarudi mara nne. Mara ya kwanza ngoma zote zipo. Ya pili, matoazi yanaondoka. Ya tatu, ngoma ya kati inaondoka. Ya nne ni sauti na besi.

Biti ya mwanzo iliharibu mpango huo kwa kutia mwangwi na kicheko kwenye kiitikio cha kwanza. Msikilizaji akajua papo hapo kwamba Bruto anasutwa. Lakini Bruto mwenyewe ndiye aliyempa Antony ruhusa ya kusema, na umati bado uko upande wa Bruto, kwa hiyo mara ya kwanza hana budi kusikika anamaanisha. Sumu inaingia polepole, sentensi ikiwa ile ile. Athari zote za sauti zikaondolewa kwenye marudio mawili ya kwanza. Mchanaji naye aliagizwa asibadilishe sauti hata kidogo hadi ya tatu.

Wiki ya 9: Kurekodi

Kipaza sauti cha udi kiliwekwa sentimita 30, kikielekea pale shingo inapokutana na tumbo. Kikielekea tundu moja kwa moja, sauti nzito hufunika kila kitu.

Mwangwi kwenye sauti ya Mwana Kupona ulianza na mkia wa zaidi ya sekunde mbili. Ulipendeza, lakini kwa mapigo 84 pigo moja ni sekunde 0.7, kwa hiyo kina cha kipande kimoja kilikuwa bado kinaelea wakati kipande kinachofuata kimefika nusu, na "ti" tatu zikawa tope. Umepunguzwa ukawa mfupi kuliko pigo moja. Vina vimesafika.

Yaliyobaki: kurudia ubeti wa tisa, ambako dumbaki limewahi kuingia kabla ya kipimo cha udi kwisha, na kumpata mghani wa pili wa tarbia. Ghani yake itawekwa peke yake baada ya saksafoni kunyamaza, bila ala chini yake.